Mbwa wa bomani aliyepasuliwa jicho: uangalizi wa wiki mbili za kwanza

Mbwa wa kulinda boma huumia jicho kwa njia nyingi. Swila humtemea sumu anapomkurupusha kichakani. Shuke la nyasi kavu huingia chini ya kope na kukaa humo siku kadhaa bila mtu kuliona. Wengine hugongwa na bodaboda, au hupigana wao kwa wao mpaka jicho likatoka kwenye tundu lake. Mfugaji anapomfikisha kwa daktari wa mifugo, mara nyingi jicho limeshaharibika, na linalowezekana ni kulitoa na kushona kope zifungike. Wanaowahi hushonewa au kusafishiwa jicho na kubaki nalo. Kwa wote wawili, kazi ngumu huanza mbwa akisharudi nyumbani.

Mfugaji mmoja wa mbuzi niliyekuwa nikimtembelea alitolewa mbwa wake jicho la kushoto. Mbwa huyo, Chui, alivishwa kola ya kuzuia kujikuna. Usiku wa nne mwenye mbwa akamwonea huruma, maana alikuwa akigonga milango na kulia, akamvua alale vizuri. Asubuhi alikuta nyuzi tatu zimeng'oka, kope zimeachana na nzi wamejaa. Chui akarudishwa kwenye nusukaputi mara ya pili, na gharama ikawa mara mbili. Ndiyo maana nikiulizwa jambo moja la kushika kuliko yote, nasema kola: isivuliwe usiku wala mchana mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14. Mvue wakati wa kula tu, na mtu awe amesimama pale pale.

Kola ya dukani ikikosekana au ikiwa ghali, ndoo ya plastiki inafaa. Ya lita 10 huwatosha mbwa wetu wengi, ila pima kwanza: mdomo wa ndoo upite pua kwa vidole vitatu au vinne, la sivyo atapata pembe ya kujisugulia. Kata kitako tundu la kupitisha kichwa. Pasua mpira wa ndani wa baiskeli kwa urefu, uuvishe kwenye ukingo uliokatwa usimchubue shingo. Toboa matundu manne kuzunguka tundu hilo, pitisha vitambaa, uvifunge kwenye mkanda laini aliovaa. Siku ya kwanza atajigonga na kukaa kimya amenuna. Kufika siku ya pili au ya tatu wengi huwa wamezoea.

Jambo la pili ni mnyororo wa shingoni. Mbwa akijivuta, shingo hubanwa, damu inayorudi kutoka kichwani hukwama na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Kwa jicho lililoshonwa hilo linaweza kufumua kazi yote. Mtengenezee mkanda wa kitambaa kipana unaopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, kamba ifungwe mgongoni. Wiki hizo mbili asilinde, asikimbizane, asirukie watu. Lindo la usiku mtafute mwingine wa kulishika.

Siku anayorudi atakuwa anayumba. Mlaze stoo au chumbani juu ya gunia kavu, upande uliopasuliwa ukiwa juu, umfunike kukiwa na baridi. Asipewe chakula wala maziwa mpaka asimame na kutembea sawasawa, kwa sababu akimeza akiwa bado na usingizi chakula kinaweza kuingia mapafuni. Usimweke jikoni kwenye kuni hata kama kuna joto. Moshi unawasha hata jicho zima.

Aliyetolewa jicho anaweza kutokwa na majimaji yenye damu kidogo puani, upande ule ule, kwa siku tatu au nne. Watu hushtuka sana wakiona hivyo. Kuna mfereji mwembamba unaotoka jichoni hadi puani, ule unaofanya kamasi zitiririke mtu akilia, na damu iliyobaki hushukia humo. Uvimbe nao ni wa kawaida siku mbili tatu za mwanzo. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa, kikiwekwa taratibu dakika tano hadi kumi mara tatu kwa siku, humtuliza.

Dawa za macho ndipo wengi wanapokosea. Aliyetolewa jicho kwa kawaida hupewa vidonge au sindano tu. Aliyebaki na jicho hupewa matone, na matone yana namna yake ya kuwekwa. Usisimame mbele ya mbwa. Nawa mikono, kaa nyuma yake, mweke katikati ya magoti mgongo ukikuegemea, inua kidevu kwa mkono mmoja. Mkono wenye dawa upitishe juu ya kichwa ukitokea nyuma ili asiione chupa ikimjia. Dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Zikiwa dawa mbili, acha dakika tano katikati, na marhamu yawe ya mwisho, maana yakitangulia yatazuia tone lisiingie.

Dawa ya macho iliyobaki ndani, ya mtoto au ya ng'ombe, iache ilipo. Baadhi zina deksamethasoni au betamethasoni, dawa za jamii ya steroidi. Kwenye jicho lenye kidonda juu ya kioo chake, hizo huchelewesha kupona na kidonda kinaweza kula mpaka jicho litoboke. Daktari huweka kwanza rangi maalumu inayong'aa kijani penye kidonda ndipo aamue. Wewe nyumbani huna namna ya kukiona. Maji ya tumbaku, sukari na majani yaliyotafunwa yasikaribie kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni za watu nazo usimpe. Huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo za mbwa. Maumivu anayo kweli, na dawa yake ipo kwa daktari, iombe kabla hujaondoka.

Chakula kiwe laini: ugali mwepesi kwa mchuzi wa dagaa, au uji mzito wenye mabaki ya nyama. Mifupa asipewe. Tundu la jicho la mbwa halikuzungukwa na mfupa pande zote kama letu. Chini na nyuma yake kuna misuli ya kutafunia, na akibana mfupa kwa nguvu misuli hiyo husukuma palipopasuliwa.

Nzi ni adui wa pili baada ya ukucha. Hutaga mayai meupe yaliyoshikana kama chembe za mchele, na ndani ya siku moja yanaweza kuwa funza. Mchana mweke ndani ya chandarua. Tongotongo na damu iliyokauka vifute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa nusu lita. Futa kutoka upande wa pua kwenda nje, usisugue mshono. Asiogeshwe wala kupuliziwa dawa ya kupe mpaka nyuzi zitoke.

Mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona usaha au harufu mbaya, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, damu mbichi inayochuruzika, uzi uliofumuka, funza, au jicho lililobaki likifumbwa muda wote na kugeuka la maziwa. Akisusa chakula zaidi ya siku moja, usisubiri.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata aliyemlea, kwa hiyo watoto wasimhudumie. Akiuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati siku ile ile, hata kama ni mbwa wako na ana chanjo ya kichaa.

Nyuzi zikishatoka na manyoya yakaanza kuota, aliyebaki na jicho moja anaweza kurudi kazini. Majuma ya mwanzo atakosea umbali na kujigonga upande asioona, basi asiende na ng'ombe wenye ndama, maana teke halioni likija. Wafundishe watu wa nyumbani kumwita jina kabla ya kumgusa upande huo. Na malazi yake yaweke ambapo upande wa kipofu utapata ukuta. Chui hulala hivyo sasa, ubavu wa kushoto kwenye mawe ya zizi, jicho la kulia likitazama lango.