Jinsi ya kuandika kumbukumbu ya ndugu yenu afisa aliyefia Vita vya Kagera

Kama kwenu kuna picha ya kijana kavaa kombati imetundikwa sebuleni na ukiuliza unaambiwa tu "huyo mjomba wako, alikufa vita ya nduli", yaani ile vita ya Tanzania na Idi Amin wa Uganda ya 1978-79, basi hii inakuhusu. Mi nimefanya ya mjomba wangu, mdogo wake mama mkubwa, alikuwa luteni, kafa 1979 ana miaka 24. Imenichukua karibu miaka miwili na nimekosea sana njiani, kwa hiyo nakuandikia usikosee palepale nilipokosea mimi.

Kwanza anza na wazee, na anza wiki hii. Bibi yangu alifariki nikiwa bado najipanga kununua simu yenye rekoda nzuri, upuuzi mtupu, simu yoyote inarekodi. Omba ruhusa, iweke mezani waione, afu usianze na swali la vita. Ukimuuliza mzee habari za vita atakupa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, uwezo tunao sababu tunayo nia tunayo, atakuigizia na sauti kabisa, nusu saa imeisha na hujapata kitu kuhusu marehemu. Uliza vitu vidogo. Alikuwa analala wapi hapa nyumbani? Nani alikuwa anamnyoa? Alikuwa anadaiwa na nani? Mama mkubwa nilipomuuliza mjomba alikuwa anachukia kazi gani akacheka mpaka akatoa machozi, kumbe alikuwa anajificha juu ya mwembe siku za kupalilia. Hicho kimoja kina thamani kuliko "alikuwa mpole na mcheshi" ambayo utaambiwa na kila mtu, maana marehemu wote duniani walikuwa wapole na wacheshi.

Ukimaliza kuongea nao omba lile sanduku la bati. Kila nyumba inalo. Tafuta barua, cheti cha shule, cheti cha ubatizo, picha, na kila picha igeuze nyuma kwanza maana wengi waliandika tarehe huko au kuna muhuri wa studio. Piga picha pande zote mbili palepale, usiondoke na kitu cha watu. Halafu angalia mabega kwenye picha, nyota moja ni luteni usu, mbili ni luteni, tatu ni kapteni. Nasema hivi coz kijijini kila mwanajeshi ni afande, na jinsi miaka inavyoenda cheo nacho kinapanda, kwetu kuna binamu aliapa kwamba mjomba alikuwa kanali. Miaka 24 kanali! Nyota zikasema mbili, basi tukaandika luteni na dunia haikuanguka.

Kingine ni jina. Jeshini anaweza kuwa aliandikishwa kwa jina la shule na jina la babu, wakati nyumbani anaitwa kwa jina la ukoo ambalo hamna karatasi hata moja inalo. Andika majina yote unayoyasikia, na namba ya jeshi ukiipata iandike pembeni uitunze, hiyo ndo itakusaidia familia ikiamua kuliandikia jeshi kuomba taarifa zake. Barua iandikwe na ndugu wa karibu kabisa, mtoto au kaka au dada, iwe na heshima na fupi, kisha subira.

Sasa tarehe, hapa ndo nilihangaika kweli. Wazee hawakumbuki tarehe, wanakumbuka mavuno na sikukuu. Usiwabishie, wewe chukua mpangilio wa vita weka pembeni: majeshi ya Amin yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 wakavunja daraja la Kyaka, Mutukula imechukuliwa Januari 1979, Masaka mwishoni mwa Februari, mapigano ya Lukaya Machi 10 na 11, Kampala imeanguka Aprili 11, na vita imeisha Juni 3 huko mpakani na Sudan. Afu linganisha. Kwetu walisema "Kampala ilikuwa imeshaanguka, ilikuwa karibu na Pasaka". Pasaka ya 1979 ilikuwa Aprili 15 na Kampala ilianguka Jumatano kabla yake, kwa hiyo wazee walikuwa sahihi kabisa. Ila hiyo ilikuwa siku ya kupata taarifa! Mjomba alikuwa ameshakufa wiki kadhaa nyuma. Mimi niliandika siku ya taarifa kama siku ya kifo na ikabidi nirudie kurasa nzima, kwa hiyo ziandike zote mbili na useme ipi ni ipi.

Kaburi. Waliozikwa pamoja wako makaburi ya mashujaa Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Eneo ni la jeshi, usitokee tu na kamera shingoni, ombeni ruhusa mapema, bebeni vitambulisho, na nendeni na mzee mmoja hata kama anatembea polepole. Kama safari haiwezekani, Julai 25 Siku ya Mashujaa inatosha, wakati kwenye tivii wanaweka mkuki na ngao na sime pale mnarani nyie nyumbani someni mlichoandika, mfanye dua au misa kulingana na imani yenu.

Kuhusu kuandika kwenyewe, nina mambo machache tu. Usimtungie maneno ya mwisho, kama hamna aliyekuwepo acha. Wajomba wawili wakikupa stori mbili tofauti za jinsi alivyokufa, weka zote na useme nani kasema nini, usichague ile inayopendeza. Weka na mabaya, deni lake, ugomvi na baba yake kuhusu kwenda jeshini. Mimi niliogopa kuweka huo ugomvi, mama mkubwa akasema ukiutoa huo sio mdogo wangu huyo, ni mtu wa kwenye gazeti.

Kabla hujarusha mtandaoni toa namba ya jeshi, na kwenye picha za kikundi fikiria wale wengine, wapo walio hai na wana familia zao.

Printi kopi chache zenye maandishi makubwa, wazee hawasomi kwenye simu. Mwishoni acha kurasa kama mbili tupu na kalamu uibebe. Siku tunasoma ya mjomba, mzee jirani ambaye sikuwahi hata kufikiria kumuuliza alisikiliza mpaka mwisho, afu akasema, lakini ile baiskeli mnayosema aliiuza kabla ya kwenda chuo cha jeshi Monduli, hakuiuza, aliniachia mimi.

Ikabidi niombe kalamu.