Bima ya paka na mbwa hapa Uingereza: anza na faili la veti (daktari wa wanyama), bei baadaye

Wiki iliyopita nilikaa mezani jikoni kwa shemeji yangu kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka karibu saa tano usiku, tunatafuta bima. Ana paka wa mwaka mmoja na mbwa wa miaka mitano. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shem, mi nitafutie ya bei rahisi tu." Nikamwambia sawa, ila bei tutaiangalia mwisho. Naandika hapa tulivyofanya kwa sababu najua wengi wetu tumekulia nyumbani ambako mbwa alikuwa wa kulinda geti, akiumwa anaitwa bwana mifugo mnamalizana naye hapo hapo. Huku NHS, yaani hospitali za serikali, haimtibu paka, na upasuaji wa goti la mbwa unaweza kufika paundi elfu kadhaa.

Hatua ya 1: Kusanya taarifa

Umri, aina ya mnyama, postikodi, namba ya chipu (kile kidude cha utambulisho anachowekewa chini ya ngozi). Chipu kwa mbwa ni lazima tangu 2016, na kwa paka huku England ni lazima tangu Juni 2024. Umri usikisie, angalia kadi ya chanjo.

Hatua ya 2: Jua unanunua aina gani

Ziko nne. Ya ajali tu, ambayo ndo rahisi kuliko zote, akigongwa na gari wanalipa, akipata kisukari hawalipi. Ya muda, ambapo kila ugonjwa wanaulipia kwa miezi 12 kwa kawaida, ikiisha ugonjwa huo hawaugusi tena. Ya kikomo kwa ugonjwa, yaani kila ugonjwa una fungu lake, fungu likiisha basi, hata ikichukua miaka. Na ya maisha, ambayo fungu linajaa upya kila mwaka ukirenew bila kukatisha.

Mi nasimama na ya maisha, hata kama ni yenye kikomo kidogo. Magonjwa yanayomaliza watu hela ni yale yasiyopona, aleji ya ngozi, figo, kisukari, na hayo yanadai dawa kila mwezi mpaka mwisho. Ile ya miezi 12 inakuacha mkono mtupu pale pale unapoihitaji. Ya ajali tu naielewa kwa mtu ambaye kweli hana zaidi, ila asijidanganye kwamba ana bima ya ugonjwa.

Chanjo, dawa za viroboto na minyoo, kuhasi na kufunga kizazi hazimo kwenye bima ya kawaida. Hizo weka kwenye bajeti yako.

Hatua ya 3: Omba historia ya matibabu kwa veti, uisome yote

Hapa ndo nawaomba mtulie, maana mimi pamenigharimu.

Paka wangu nilipomchukua nilimpeleka chanjo, na katika maongezi tu nikamwambia daktari "siku hizi mbili tatu anajikuna sikio." Akamwangalia, akasema sikio safi, hakuna shida, tukaondoka. Wiki tatu baadaye nikakata bima. Miezi minane mbele paka akapata aleji, tumbo lote likawa jekundu, manyoya yametoka kwa kujilamba, bili ikaja paundi 640. Nikatuma madai, kampuni ikakataa, ikasema dalili zilikuwepo kabla ya bima. Nikajiuliza dalili gani? Nikaomba faili kwa veti, na pale kwenye tarehe ya chanjo kulikuwa na mstari mmoja: mwenye paka anasema anajikuna. Nusu ya sentensi, na ndo waliyoishika.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, piga simu kwa veti wako, sema unataka historia yote ya mnyama kwa imeili. Kama mnyama alishatibiwa kwa veti mwingine omba na huko, maana siku ya madai kampuni itaomba kote. Alafu soma ukiwa unatafuta haya:

Dalili, hata kama haikupewa jina la ugonjwa. Kuharisha, kutapika, kuchechemea, kujikuna. Bima nyingi hazihitaji ugonjwa uwe umegunduliwa, wakiona dalili ilitokea kabla inatosha kukataa. Na dalili zinazotokea ndani ya siku za kungoja, ambazo kwa ugonjwa mara nyingi ni siku 14 tangu bima ianze, nazo zinahesabiwa kama za zamani.

Viungo vya pande mbili. Hili wengi hawalijui. Mbwa akiwa alishaumwa goti la kushoto kabla ya bima, kampuni nyingi zitahesabu na la kulia kuwa ni tatizo hilo hilo, vivyo hivyo nyonga, macho, masikio. Mbwa wa shemeji alichechemea mguu wa nyuma akiwa na miaka mitatu, imeandikwa, kwa hiyo tulitafuta kampuni tukijua kabisa goti linaweza kuwa nje.

Tarehe ya mwisho dalili kuonekana. Hii ni muhimu kwa sababu kampuni hazifanani. Zipo zinazosema cha zamani ni cha zamani milele, na zipo zinazokubali kama mnyama amekaa miaka miwili bila dalili wala dawa. Mbwa wa shemeji alikuwa ameshapita hiyo miaka miwili, na hilo peke yake likabadilisha orodha yetu yote. Wapigie, uliza, alafu waambie wakujibu kwa maandishi, jibu la simu peke yake siku ya madai halikusaidii.

Na usifiche. Ukiulizwa kwenye fomu sema ukweli, wakija kukuta ulidanganya wanaweza kufuta bima nzima.

Mimi niliokolewa na barua. Daktari aliandika kwamba siku ile sikio lilikuwa safi, hakuna tiba iliyotolewa, na kwamba aleji ya tumboni ni jambo jingine. Nikaandika malalamiko rasmi nikaambatanisha, wakalipa. Wakikukatalia na wewe, andika malalamiko, kampuni ina wiki nane za kukupa jibu la mwisho, ukiwa hujaridhika unaenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha, ni bure, ila usizidishe miezi sita tangu hilo jibu la mwisho.

Hatua ya 4: Sasa bei

Ingia kwenye saiti za kulinganisha angalau mbili, na kumbuka kampuni nyingine hazimo humo, itabidi uende moja kwa moja. Bei unayoonyeshwa tayari ina kodi ya bima ya asilimia 12. Mbwa wenye pua bapa kama French Bulldog na Pug watakuja juu, jiandae.

Usiangalie hela ya mwezi peke yake, piga hesabu ya bili moja. Shemeji alipenda moja kwa sababu ilikuwa chini ya nyingine kwa tofauti ya paundi saba kwa mwezi. Tukachukua karatasi. Bili ya paundi 1,200, ekses paundi 99, hiyo ndo unatoa mwenyewe kwanza, inabaki 1,101. Alafu wanakata tena asilimia 20 ya kuchangia, 220.20. Jumla mfukoni mwake 319.20. Akanyamaza, akavuta karatasi akarudia hesabu mwenyewe. Huo mchango wa asilimia kampuni nyingi wanauanzisha mnyama akizeeka, mara nyingi kati ya miaka 8 na 10, kwa hiyo soma unaanza lini.

Kupandisha ekses ili kushusha bei mi naona sawa kwa paka wa ndani, ilimradi hiyo hela ipo akiba. Kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu wanacholipa kwa mwaka, usikibane sana.

Hatua ya 5: Kata, alafu fuata masharti

Una siku 14 za kughairi. Weka kwenye kalenda chanjo na ukaguzi wa meno wa kila mwaka, ukikosa unaweza kunyimwa madai. Na akishaanza kuumwa usihamehame kampuni kwa sababu ya ofa, ugonjwa alionao leo kwa kampuni mpya ni wa zamani.

Kama bei zote zimekushinda

PDSA na Blue Cross, mashirika ya hisani ya wanyama, wanatibu kwa bei ya chini au bure kwa watu wenye kipato kidogo wanaopata baadhi ya ruzuku za serikali. Ingia kwenye saiti zao sasa hivi mnyama akiwa mzima, weka postikodi, uone kama unafaa na kituo kilicho karibu nawe ni kipi.