Watoto wadogo mgahawani: usifunge mlango, panga meza

Vijana wanaofungua migahawa hapa Kigoma mjini, ile yenye taa za rangi na menyu iliyofunikwa plastiki, huniuliza kama waandike mlangoni kwamba watoto chini ya umri fulani hawaruhusiwi. Mimi nauza chakula jirani na stesheni: asubuhi supu na chapati, mchana wali, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani kwetu, jioni chai na chochote kilichobaki. Jibu langu ni kwamba usiandike. Ila ukidhani nasema watoto waachwe wafanye wanavyotaka, bado hujanielewa.

Tuanze na wateja wenyewe. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo huu ni mji wa watu walio safarini. Mtu anashuka kwenye treni, usingizi haujamtosha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Mwingine katoka Kibirizi kwenye boti. Mwingine alikwenda Maweni kumwona mgonjwa. Hawa hawana shangazi mjini wa kumwachia mtoto. Ukimkataa mtoto umemkataa mama yake, na baba, na yule mjomba aliyekuja kuwapokea, ambaye mara nyingi ndiye mwenye pesa. Meza nzima inahamia kwa jirani yako.

Nchi za wenzetu wapo waliofunga mlango. Mwaka 2023 mgahawa wa Nettie's House of Spaghetti, huko New Jersey, Marekani, ulitangaza kwamba haupokei tena watoto chini ya miaka 10. Sababu walizotoa ni kelele, nafasi finyu ya viti virefu vya watoto, uchafu, na hatari ya watoto kukimbia ovyo. Korea Kusini nako migahawa mingi ina alama ya kuwazuia, ingawa mwaka 2017 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilisema mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju ulibagua kwa kuwakataa watoto kwa sababu ya umri. Mimi sibishani na Wamarekani, mji wao wanaujua wao. Lakini chukua zile sababu nne, zitazame moja moja, uone kama hapa kwetu kuna hata moja inayohitaji mlango kufungwa.

Kelele ndizo zinazowakera wateja wengine, na dawa yake iko jikoni. Mtoto anayepiga kelele mgahawani kwa kawaida ana njaa, au usingizi, au amekaa mno akisubiri. Kwa hiyo mtoto ale kwanza. Mhudumu wako asifike mezani na daftari tu, afike na kitu: ndizi mbivu, robo ya chapati iliyopoa, uji kwenye kikombe cha plastiki. Hapo ndipo aulize wakubwa wanakula nini. Mama akiagiza samaki wa kukaanga, mhudumu amwambie ukweli: "Dada, samaki atachukua kama nusu saa. Mtoto nimletee wali na maharage sasa hivi?" Sijaona mama aliyekataa. Asimuulize mtoto anataka nini, maana atasema soda, na ugomvi utaanzia hapo. Friji ya soda yenyewe igeuze isitazamane na meza za familia. Mauzo ya soda yatapungua kidogo, lakini wazazi wanarudi.

Kisha panga mahali pa kukaa. Familia zikae barazani au ukutani, mbali na televisheni na mbali na njia ya wahudumu. Anayetaka utulivu mpe kona yake. Ninaye mwalimu mstaafu anayekuja na gazeti kila asubuhi. Siku moja mtoto wa meza ya jirani alikuwa anagonga sahani kwa kijiko, mwalimu akashusha gazeti: "Mama, hapa ni hoteli au chekechea?" Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, kule nyuma chini ya mwembe kuna meza, nikuhamishie chai yako?" Akahama, na sasa ile ni meza yake, hata akichelewa tunamwekea. Hakuna aliyefukuzwa. Na kwa vile tunaongea kelele: siku Simba na Yanga wanapocheza, watoto waliolala mgongoni huamshwa na baba zao, na sijasikia mtu akitaka iandikwe mlangoni kwamba wanaume hawaruhusiwi.

Mtoto akianza kukimbia, usimkaripie yeye, na usimkaripie mama yake mbele za watu. Nenda karibu, inama, sema kwa sauti ya chini: "Mama, hapa tunapita na supu ya moto, naogopa ataungua. Nikae naye kidogo ule?" Sababu ni ya kweli na msaada upo, mama hana pa kuonea aibu. Awe ni baba, mwite baba, useme maneno yaleyale. Nimeona wahudumu wakimgeukia mama hata pale baba anapokuwa amekaa karibu zaidi na mtoto huku anachezea simu.

Sasa hatari. Hapa ndipo nisipocheka na mtu. Jikoni mtoto haingii, awe wa mteja, wa mhudumu au wangu mwenyewe. Kama jiko lako liko wazi kama letu wengi, majiko ya mkaa chini na sufuria juu, weka benchi zito au kaunta ya mbao kati ya jiko na meza, pabaki pa kupita mtu mmoja tu. Ondoa vitambaa vya meza vinavyoning'inia. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake, akivuta kitambaa, chupa ya chai na bakuli la supu vinamshukia kichwani. Chai iliyomiminwa robo saa iliyopita bado inaweza kumbabua mtoto mdogo, kwa hiyo kikombe cha mama kiwekwe upande usiofikiwa na mkono wa mtoto, na mhudumu asipitishe kitu cha moto juu ya kichwa cha mtoto hata kama ndiyo njia ya mkato.

Mtoto akiungua, maji. Maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Bomba likiwa halitoi, tumia ndoo na kata, mwagia polepole bila kuacha. Mvue nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Hapa kwetu kuna mtu atakimbia kuleta mawese, mwingine dawa ya meno, mwingine yai. Wote waambie wakae. Kisha mtoto apelekwe hospitali.

Kukabwa na chakula ni jambo la pili. Karanga nzima usimpe mtoto aliye chini ya miaka mitano, hata kama umeziweka mezani bure kwa ukarimu. Mgebuka mpe mtoto nyama ya mgongoni, na mhudumu aichambue kwa vidole vilivyonawa, sahani ikiwa karibu na taa, aipapase vipande kimoja kimoja kabla ya kuchanganya na ugali. Mchuzi wa mawese sawa, pilipili ikae pembeni. Mtoto aliyekabwa kama bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kupumua, wa zaidi ya mwaka mmoja muinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano, ikishindikana simama nyuma yake umsukume tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara tano. Rudia, huku mwingine anatafuta gari. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umsukume kifua mara tano; tumbo lake usiliguse. Usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona. Wafundishe wahudumu wote, hata anayeosha vyombo, na warudie kila anapoajiriwa mpya.

Nafasi ya viti haina maneno mengi. Fundi seremala yeyote atakutengenezea kiti kirefu, mwambie tu miguu ya chini iwe mipana na aweke mkanda. Kama huna fedha hiyo, tandika mkeka safi kwenye kona ya baraza, isiyo njia. Watoto wa huku wamezoea kula mkekani, tena anayekula mkekani haanguki. Uchafu nao ni ufagio na kitambaa chenye sabuni. Wakubwa wanaokula samaki na kuacha miiba mezani wananichosha zaidi.

Mahali pa kukataa papo, na ukatae bila kutetemeka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye baa au disko asiruhusu watoto kuingia, na mtoto haruhusiwi kuuziwa pombe wala sigara. Kwa hiyo ukiuza chakula mchana na bia jioni, tenganisha sehemu hizo kwa ukuta au uzio, na uwe na mlango mwingine, usiseme tu kwamba meza za kule ni za bia. Mteja akija usiku na mtoto akataka kukaa upande wa bia, mwambie, "Kaka, chakula nitakuletea huku upande wa familia, kule mtoto haingii." Akinuna, anune. Hapo tatizo si tabia ya mtoto, ni mahali penyewe, na ndiyo maana nakubaliana na katazo hilo wakati lile la Nettie's silikubali.

Mwisho ni bei. Uza nusu sahani kwa nusu bei, iandikwe ubaoni, ili mama asilazimike kununua sahani nzima ya mtu anayekula vijiko vitano. Anayekula kwenye sahani ya mama yake asilipishwe kitu. Watoto wape sahani za melamini na vikombe vya plastiki, glasi zibaki juu kabatini. Ikitokea hata hivyo mtoto akavunja glasi, usimdai mama yake. Andika kwenye daftari la matumizi, pamoja na mkaa na sabuni.