Lipu ya chokaa kwa nyumba za Lamu: kukauka si kukomaa

Lipu ya chokaa ikianza kumwaga unga mwezi mmoja baada ya kupigwa, kwanza hulaumiwa chokaa. Mara nyingi chokaa haina kosa. Kosa ni kuiacha ikauke kabla haijakomaa. Kukauka ni maji kutoka, badiliko la umbo tu: ukirudisha maji, tope linarudi. Kukomaa ni chokaa kunywa kabonidioksidi ya hewani na kugeuka tena jiwe. Hilo ni badiliko la kikemikali, na maji hayawezi kulirudisha nyuma. Fundi anayezitofautisha hali hizi mbili huepuka karibu kila hasara iliyoandikwa hapa.

Jiwe na moto

Tumia mawe ya matumbawe ya nchi kavu, kama yale yanayochimbwa Manda: meupe, mepesi, yasiyo na udongo. Usivunje matumbawe hai ya baharini. Ni makao ya samaki, na yamejaa chumvi. Pasua mawe yafikie ukubwa wa ngumi. Hapo umebadilisha umbo tu, lakini kazi hii ndiyo inayoamua kama moto utafika ndani. Jiwe kubwa hubaki na kiini kibichi.

Tanuri lazima lifike takribani nyuzi 900 za selsiasi na likae hivyo kwa saa kadhaa. Kwa joto hilo jiwe hutoa kabonidioksidi yake, na kinachobaki si jiwe tena. Pima kwa mizani. Kilo 10 za jiwe safi na kavu zikiiva vizuri hubaki kilo 5.6 hivi. Ukipata kilo 7, karibu theluthi moja bado ni mbichi. Moto ukizidi, yatatokea madonge magumu yanayokataa kuzimika, yaani kuvimba na kumomonyoka yanapotiwa maji. Hayo huja kuzimika polepole ndani ya lipu, yakavimba na kurusha vipande, na ukuta ukabaki na vishimo.

Anayenunua chokaa ya unga kwenye mfuko huruka hatua hii, lakini asiruke kipimo chake. Lowesha kijiko kimoja cha unga, koroga mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kamulia ndimu. Ikitoa povu jingi la kuchemka, mfuko umekaa sana na chokaa imesharudi kuwa jiwe la unga. Haitashika. Irudishe dukani.

Kuzima

Vaa miwani ya kazi, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Chokaa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali bila kusubiri maumivu yapungue. Weka watoto mbali kabisa.

Tumia pipa la chuma au shimo lililojengewa. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa chokaa huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Plastiki nyembamba nayo hulainika kwa joto.

Maji kwanza, mawe baadaye. Kwa debe moja la mawe yaliyochomwa, tayarisha madebe matatu ya maji, na utie mawe kidogo kidogo huku ukikoroga kwa jembe la mpini mrefu. Mwanzoni huoni kitu. Kisha jiwe hupiga mlio mdogo, linapasuka kwa mistari myembamba, linavimba na kumomonyoka, na maji yanaanza kutokota bila moto wowote chini. Ukifanya kinyume, ukamwagia mawe maji machache, joto hupanda mno, chokaa huruka usoni na madonge ya mchangamchanga hubaki.

Sehemu ya maji hayo haitoki tena kwa jua. Kilo 56 za chokaa safi hufunga kilo 18 za maji ndani yake.

Chokaa ikipoa, ipitishe kwenye wavu wa milimita 3 kisha uihifadhi chini ya maji yanayoifunika kwa sentimita 5. Subiri angalau mwezi mmoja. Kwa lipu ya mwisho, au kwa vidaka na nakshi, miezi mitatu ni bora. Juu ya maji utaona utando mweupe kama malai ya maziwa. Huo ni chokaa iliyokutana na hewa ikawa jiwe. Uache mahali pake mpaka siku ya kazi, kisha uutoe. Maji ndiyo kifuniko: yakikauka, chokaa iliyo juu huanza kukomaa ndani ya pipa.

Mchanga

Mchanga wa pwani una chumvi. Koroga kopo moja la mchanga na kopo moja la maji safi, acha utulie, mimina maji kidogo kwenye sahani nyeusi na uanike. Ukiona ukoko mweupe, osha mchanga tena na urudie kipimo. Chagua wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, zenye pembe. Mchanga wa vilima vya Shela usiuguse hata kama uko karibu: ni mwembamba mno, na vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vya Lamu.

Changanya sehemu 1 ya chokaa laini na sehemu 3 za mchanga, kwa ujazo. Nafasi kati ya chembe za mchanga ni karibu theluthi moja, na chokaa huja kuzijaza. Mchanganyiko ukionekana mgumu usiongeze maji. Utwange na kuukandamiza kwa mti dakika 15 au 20, utalainika wenyewe. Maji ya ziada yakitoka huacha nyufa.

Ukutani

Toa vumbi na simiti ya zamani. Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi kabla ya kupiga, kwani matumbawe hunyonya maji ya lipu kwa dakika chache. Piga mkono (tabaka) wa kwanza milimita 10, wa pili milimita 10, wa mwisho milimita 2 au 3. Kabla ya kuongeza mkono mwingine ngoja siku 7 hadi 10, mpaka ukucha uweze kuchora alama lakini dole gumba lisiweze kuzama. Mkono wa kwanza ukwaruze ili wa pili upate pa kushika.

Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, yasiuguse, na nyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja. Wakati wa kaskazi, upepo ukiwa mkavu, ongeza siku. Kabonidioksidi huingia kwenye chokaa yenye unyevu. Kavu kabisa haiinywi, na iliyojaa maji pia inafungia hewa nje. Kukomaa huenda takribani milimita moja kwa mwezi. Kuona umefika wapi, vunja kipande na kipake manjano ya jikoni yaliyokorogwa na maji. Palipobaki chokaa pataiva rangi nyekundu ya damu ya mzee. Palipokomaa patabaki njano, au patabadilika kidogo tu.

Chumvi inayopanda

Chini ya ukuta lipu yaweza kumeguka hata ikiwa imekomaa. Maji ya ardhini hupanda na chumvi, maji yanatoka, chumvi inabaki na kuganda kwa fuwele zinazosukuma lipu kutoka ndani. Hakuna kitu kilichogeuka kitu kingine, lakini nguvu yake hupasua. Usioshe, maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Ifagie ikiwa kavu kwa brashi, uikusanye na kuitupa mbali.

Wala usizibe kwa simiti. Simiti hufungia unyevu, na chumvi hupanda mpaka ipate pa kutokea juu yake, kwenye lipu nzima. Rekebisha sababu ya maji kwanza, kama bomba linalovuja au mtaro ulioziba. Kisha meguza lipu iliyolegea mpaka sentimita 30 juu ya alama ya chumvi, na upige upya kwa chokaa.