Jinsi ya kwenda Madete, ufukwe wa porini kusini mwa Pangani

Madete iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, upande wa Mkwaja, wilayani Pangani. Huko hakuna viti vya kukodi wala muuza madafu. Ukishatoka mchangani unaingia vichakani, kisha msitu wa pwani, na tembo na nyati wa hifadhi wamo humo humo. Kasa wa kijani nao hupanda ufukweni hapo kutaga. Nimewasaidia watu wengi kupanga safari hii, na karibu wote hukwama mahali pamoja: maji.

1. Chagua majira

Machi hadi Mei acha kabisa. Masika yakikolea, udongo mweusi wa huko hunasa hata gari la magurudumu manne. Mimi napenda Januari na Februari, njia ikiwa imekauka. Wakati wa kusi, kuanzia Juni, panapitika vizuri lakini upepo ni mkali na mawimbi hupanda juu ya mchanga.

2. Kibali

Lipia mapema kwa mtandao au benki, maana malipo ya hifadhi si ya fedha taslimu. Mweleze ofisa kwamba unataka kutembea kwa miguu ufukweni, uombe askari wa kukusindikiza. Usiende bila yeye.

3. Soma maji kabla ya kupanga jambo lingine lolote

Anza na mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa mpaka mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alfajiri na alasiri, saa kumi hivi. Kwa kalenda ya Kiislamu, tazama tarehe 2 hadi 4 na 16 hadi 18. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikifika tarehe 8 au 23 ni maji mafu: bahari haiondoki sana, na kupwa kwa mchana kumeshasogea hadi alasiri. Kwa kutembea ufukweni, chagua bamvua.

Sasa jedwali la maji. Liwe la simu au la karatasi, saa zake ni za kizungu. Kijana mmoja aliona imeandikwa 10:20, maji yamepwa, akapanga kufika saa kumi na dakika ishirini jioni. Alikuta mawimbi yanapiga mizizi ya miti. Ukikosea hivyo hupungukiwi kidogo, unakuta kinyume kabisa, kwa sababu saa sita unazozikosea ndizo maji yanazotumia kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo andika kwa mkono wako kwenye karatasi: "10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi." Kisha muulize mvuvi wa Mkwaja au Kipumbwi. Majibu yakitofautiana, namfuata mvuvi, kwa kuwa jedwali halijui upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, maji husukumwa ufukweni na hayapwi kama ilivyoandikwa.

Anza kutembea saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na geuka yanaposimama, hata kama mbele panavutia. Saa ya kwanza ya kujaa hukudanganya kwa upole wake. Ya tatu na ya nne ndizo zenye mbio. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji kila unapopumzika. Maji yakishakipita, rudi.

Angalia pia hori ulizovuka, yaani vijito vya maji ya bahari vinavyoingia nchi kavu. Palipokufika magotini asubuhi panaweza kukufika kifuani mchana, na chini ni tope la mikoko linaloshika mguu. Usivuke wala kuogelea karibu na mlango wa mto, kwa sababu ya mamba. Ukichelewa, panda juu ya mstari wa mwani mkavu, kaa pamoja na askari, na subiri maji yapwe tena. Kukatiza vichakani ni hatari kuliko kusubiri.

4. Njia

Kutoka Tanga, nenda Pangani, vuka mto hadi Bweni, endelea kusini hadi Mkwaja. Jaza mafuta Pangani.

5. Vaa na beba

Raba za kufunga kamba. Kandambili hung'ang'ania topeni, na kwenye miamba ya matumbawe hazikulindi na miba. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, kofia, na mfuko wa kurudishia taka zako zote.

6. Kasa

Alama pana mbili sambamba kutoka baharini kupanda mchangani ni njia ya kasa jike. Mwishoni pana shimo lililofukiwa, na ndani yake mayai mia moja hivi, yatakayoanguliwa baada ya siku 50 hadi 60. Pita upande wa maji, usikanyage palipofukuliwa, na mwonyeshe askari mahali hapo. Ukilala hifadhini, usiwashe tochi ufukweni usiku: jike hugeuka na kurudi baharini bila kutaga, na vifaranga hufuata mwanga wakaelekea vichakani badala ya majini.