Mtaalamu wa Maabara Akija na Sifa Nyingi, Mchunguze Hivi

Mama mdogo wangu wa Nanyamba aliletewa karatasi ya mauziano ya shamba lake la mikorosho, ina dole gumba eti la marehemu mumewe. Aliyelithibitisha dole lile alijiita bingwa wa uchunguzi wa jinai: wasifu kurasa sita, mihuri miwili ya buluu. Tulikaa barazani tukaupitia mstari kwa mstari.

Anza na fani yake, shahada baadaye. Kurasa zote zile zilizungumzia sumu na kemikali. Alama za vidole hazikutajwa popote. Mtu anaweza kuwa hodari wa kupima sumu na asijue kusoma kidole. Hapa nchini vinasaba, sumu na dawa za kulevya hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara. Alama za vidole, maandishi na silaha huchunguzwa na wataalamu wa Polisi. Akisema aliwahi kufanya kazi mahali, andika barua uulize alishika kazi gani, miaka ipi.

Kisha fuata ushahidi aliotoa nyuma, na hapa usiwe na haraka. "Nimesimama mahakamani mara nyingi" haitoshi. Mwombe namba ya shauri, mahakama na mwaka, uingie TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ni bure. Tafuta kwa jina la ukoo peke yake, maana majina hukosewa herufi. Ukiipata hukumu, usikimbilie mwisho kuona nani kashinda. Soma pale jaji anapoyapima maneno yake. Shauri moja alilojivunia bwana yule tulilipata: jaji aliyaweka kando maoni yake kwa kuwa hakueleza alifikaje kwenye jibu.

Shahada iulizie chuoni kwenyewe. Ya nje ya nchi, iulizie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Msione aibu kuuliza. Annie Dookhan, mkemia wa maabara ya serikali huko Massachusetts, Marekani, aliapa kuwa ana shahada ya uzamili ambayo hakuwa nayo, na vipimo akavichezea. Alikiri mwaka 2013. Mwaka 2017 mashauri zaidi ya 21,000 yakafutwa. Watu walikuwa wameshafungwa.

Majibu yote yawe kwa maandishi, yenye tarehe, yamfikie wakili kabla shahidi hajapanda kizimbani. Ya kwetu mama mdogo aliyabeba mwenyewe, ndani ya mfuko wa khanga, hadi mezani kwa wakili.