Kabla hujapanda basi la badala ya treni Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza, ukiwa na safari ya treni Jumapili, usitegemee ratiba uliyoizoea. Reli hapa hutengenezwa zaidi wikendi na sikukuu, na njia ikifungwa abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Oktoba 2018, na tena Februari 2019, reli ya Three Bridges hadi Brighton, kusini mwa Uingereza, ilifungwa siku 9 kila mara, watu wakamalizia safari barabarani.

Usiku wa kuamkia safari, ingia tovuti ya National Rail uandike tarehe na saa yako hasa. Ukiona alama ya basi, tazama saa ya kufika, usiishie kwenye saa ya kuondoka. Basi hukutana na foleni, na mengine huingia kila stesheni. Mwenye ndege ajiongezee muda mkubwa. Nilimsindikiza shangazi aliyekuwa anarudi Tanga, mabegi mawili mazito, tukafika kaunta iko karibu kufungwa. Alikuwa anatoa pasipoti huku mikono inamtetemeka. Mpaka leo naumia nikikumbuka, maana ratiba ilikuwepo na sikuiangalia.

Tiketi ni ileile ya treni, hulipi tena. Kituo ndicho cha kuulizia: huenda basi halisimami mlangoni mwa stesheni bali barabara ya pili. Mtafute mfanyakazi mwenye kizibao cha kung'aa, umtajie unakoshukia, kwa sababu pengine yapo mawili, moja la moja kwa moja na jingine la kusimama kila mahali. Baiskeli kwa kawaida haipakiwi, isipokuwa ya kukunja.

Kama unasafiri na mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, omba msaada kupitia Passenger Assist, huduma ya reli ya kuwasaidia abiria wenye mahitaji maalumu, angalau saa 2 kabla ya safari. Basi likiwa halimfai, kampuni ya treni inatakiwa imtafutie usafiri mwingine unaomfaa, bila nyongeza ya nauli. Hili wengi wetu hawalijui, wazee wanakaa ndani bure.

Ukichelewa na unataka fidia, muda huhesabiwa kwa ratiba mpya iliyotangazwa, si ile ya kila siku. Ipige picha kabla hujaondoka, na dai lako ulipeleke ndani ya siku 28.

Wenye watoto, wapelekeni chooni stesheni kabla ya kupanda. Ndani ya basi usitegemee choo.